Wenye klabu na wenye makasia

Mimi kazi yangu ni mashua, hapa Mji wa Kale, Mombasa: kutia kalafati, kupaka shahamu, kubadilisha mbao zilizooza. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za klabu za makasia za Ulaya na Marekani, jambo la kwanza nililotaka kujua ni watu wa kazi yangu walikaa wapi. Nikawakuta nje, mlangoni.

London ilianza vizuri tu. Mto Thames ulikuwa na wavushaji wengi wa kukodi, wenye chama chao na wanagenzi wao. Mwaka 1715 mwigizaji mmoja wa Ireland, Thomas Doggett, akawawekea mashindano vijana waliomaliza uanagenzi: London Bridge hadi Chelsea, kilomita 7 na kitu, na mshindi avishwe koti jekundu lenye beji kubwa ya fedha mkononi. Mpaka leo yanafanyika. Zamani walishindana kwa mashua zile zile za abiria, tena maji yakiwatokea usoni, na mwendo ulikaribia saa mbili. Siku hizi wanafuata maji kujaa, kwa chombo chembamba, nusu saa hivi wamefika. Aliyewahi kuvuka hori ya Tudor kwa kasia maji yakitoka atajua nani alishindana kweli.

Kisha mabwana nao wakaupenda mchezo. Mashindano ya Henley, mji ulio kando ya mto huo huo wa Thames, yakaanza 1839, klabu zikaongezeka, na baadaye ikatungwa sheria kwamba asiyelipwa kwa mchezo ndiye mchezaji halali, na kibarua au fundi wa mikono hahesabiwi humo. Eti kazi inampa misuli, atawaonea wenzake! Yaani anayejua kasia ndiye asiyeruhusiwa kushika kasia.

Aliyewatia aibu ni John B. Kelly wa Philadelphia, Marekani. Huko mto ni Schuylkill, ambao bwawa la Fairmount liliutuliza maji, na klabu zake ziliungana mwaka 1858. Nyumba zao za mashua bado zimejipanga ukingoni. Kelly alikuwa muashi wa matofali. Mwaka 1920 Henley wakamkataa, kwa sababu ya klabu yake waliyogombana nayo zamani, na kwa sababu ya hayo matofali. Mwaka huo huo akaenda Olimpiki ya Antwerp, akamshinda Mwingereza Jack Beresford kwenye fainali ya mtu mmoja, na siku hiyo hiyo, kabla hata hajapumzika sawasawa, akachukua dhahabu nyingine pamoja na binamu yake Paul Costello. Hata hivyo sheria ilidumu. Mwaka 1936 timu ya Australia iliyokuwa ya polisi nayo ikazuiwa, ndipo mwaka uliofuata sheria ikafutwa.

Mwaka 1937 ndio feri ilipoanza Likoni, na feri ndiyo iliyowapunguzia riziki wavushaji wetu. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Nilichorithi kwake ni namna ya kusuka kishwara, kile kitanzi cha kamba kinachoshika kasia: ukikibana sana kasia halizunguki, ukikilegeza linaruka na kukuacha umekaa chali mbele ya abiria. Alikuwa akikilowesha maji ya chumvi kwanza, kikaze kikiwa mahali pake.

Klabu za mashua za Mombasa za enzi za mkoloni zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kuosha vyombo au kuvuta mashua pwani. Leo milango iko wazi kwa mwenye ada, sina ugomvi. Ila bado sijaona mashindano ya hapa mjini yanayomtafuta kijana anayevua kwa mtumbwi kule Tudor, na chombo chake cha kazi, kama alivyofanya yule mwigizaji. Koti jekundu si lazima, joto hili litamuua. Mwenye nia ya kuandaa anitafute, vishwara nitavisuka mimi.