Siku moja na bodi ya mwaka 2012: kompaila kabla ya maziwa ya jioni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, chai bado haijachemka, kadi imeshaingia kwenye laptopu na nakala inachukuliwa. Sigusi bodi ya mtu kabla sijaichukulia nakala kadi yake. Hii ni kadi ya GB 8, ile pana ya zamani, kwa sababu Raspberry Pi Model B ya kwanza, kompyuta nzima kwenye bodi moja, haina nafasi ya kadi ndogo. Amri ya dd inaisoma kadi yote kutoka mwanzo hadi mwisho na kuiandika kama faili moja kwenye diski yangu. Hata nikiharibu kitu leo, jioni naweza kuirudisha kama nilivyoikuta.

Bodi ni ya kituo cha kukusanyia maziwa huko Muheza. Inakaa kwenye boksi la plastiki pembeni ya tangi la kupozea, inasoma joto la maziwa kila dakika, na joto likikaa juu ya nyuzi 4 kwa muda mrefu inamtumia SMS mama anayesimamia kituo. Sasa wanataka kihisi cha pili, kwenye bomba la kutolea maziwa, maana maziwa yanaweza kuwa baridi tangini yakapata joto njiani. Jana jioni niliing'oa nikaja nayo Tanga, karakana yangu iko Ngamiani, nikaahidi kuirudisha leo kabla maziwa ya jioni hayajapokelewa. Hadi hapo wanapima kwa kipimajoto cha mkono.

Watu huniuliza kwa nini nisiwaambie wanunue bodi mpya. Kwa sababu hii haijafa. Prosesa ya megahezi 700 na RAM ya MB 512 ni nyingi kupita kiasi kwa kazi ya kusoma namba moja kila dakika, na fedha ya kituo ni ya wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu. Basi kadi mpya yenye mfumo mpya? Mfumo wa biti 32 wa leo bado unaikubali bodi hii, nami ningependa njia hiyo. Lakini programu ya kutuma SMS iliachwa na fundi aliyetangulia ikiwa imeshakompailiwa, yaani kompaila imeshaigeuza kuwa maagizo ya prosesa, bila msimbo chanzo ambao fundi huusoma na kuurekebisha, na inategemea maktaba, vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi, ambazo mifumo mipya imeshaziacha. Nikihamisha mfumo, SMS hazitoki tena. Basi mfumo unabaki ule ule, nami naikompailia bodi programu yangu mpya ya kusoma vihisi viwili. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikuta: mtu analipwa na wafugaji, anaondoka na msimbo, anawaachia kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kukirekebisha.

Saa moja asubuhi binti ninayemfundisha kazi amefika. Tunaunga waya wa siriali, unaotuwezesha kuongea na bodi kutoka kwenye laptopu: pini ya 6 ni ardhi, ya 8 inatuma, ya 10 inapokea. Ninamwonyesha kwa kidole kabla hajagusa, kwa sababu pini hizi ni za volti 3.3, na mtu akizipelekea volti 5 anaweza kuiua bodi. Kasi ni 115200. Mistari ya kuwaka inashuka kwenye skrini, tunaingia.

"Fundi, mbona saa yake iko nyuma siku kumi na tisa?"

Swali zuri, na ndilo la kwanza kurekebishwa. Bodi hii haina betri ya saa. Ikizimwa, haijui muda gani umepita; ikiwaka inaanza pale ilipoandika mara ya mwisho. Kituoni hakuna intaneti ya kuisahihisha, kwa hiyo kila umeme unapokatika inabaki nyuma kidogo, na umeme hukatika. Kwa anayekompaili hilo ni tatizo kweli. Programu ya make huamua faili lipi likompailiwe upya kwa kulinganisha tarehe. Faili ninazoleta kutoka kwenye laptopu zitaonekana zimetoka siku zijazo, nayo italalamika saa haziendani na kuruka au kurudia kazi ovyo. Tunaweka tarehe kwa mkono, amri moja, tunaendelea.

Kisha maswali matatu ambayo nataka binti huyu ayaulize kila bodi atakayowekewa mezani. Wewe ni prosesa gani? Amri ya uname -m inajibu armv6l, yaani ARM toleo la sita, ARMv6. Mfumo wako ni upi? Raspbian Stretch, uliotoka 2017. Maktaba yako ya C ni toleo gani? glibc 2.24. Ameyaandika majibu kwenye daftari. Siku nzima ya leo imo ndani ya mistari hiyo mitatu, ingawa hatukuipa uzito uliostahili tangu mwanzo.

Saa mbili na robo apt-get update, amri ya kuchukua orodha ya programu za kusakinisha, inagoma: anwani za Stretch hazipo tena kwenye hifadhi kuu. Tunabadilisha sources.list iangalie legacy.raspbian.org, ambako matoleo ya zamani yamehifadhiwa. Inapita. g++, kompaila ya C++ kutoka familia ya GCC, inayokuja na Stretch ni 6.3.

Saa tatu najaribu kukompaili hapo hapo kwenye bodi. Nimezoea laptopu, vidole vikaandika make -j4. Bodi ina kiini kimoja tu. Kuipa kazi nne kwa pamoja ni kumpakia punda mmoja mizigo ya wanne. Dakika sita baadaye kerneli, moyo wa mfumo, imeiua cc1plus, sehemu ya kompaila inayofanya kazi yenyewe; kumbukumbu imekwisha. Narudia na kazi moja. Ninaongeza swapu, sehemu ya kadi inayosaidia RAM ikijaa, kutoka MB 100 hadi 512 kwenye faili la dphys-swapfile, lakini sipendi kuiacha hivyo, maana swapu kwenye kadi ni polepole na huichakaza kadi. Safari hii haifi. Inakwenda robo saa nzima kwenye faili lenye maktaba ya JSON, halafu inafika faili la pili na kusimama: haioni kichwa cha optional, faili la maktaba ya C++ ambalo programu yangu inalihitaji. Programu yangu nimeiandika kwa C++17, na optional kamili ilikuja na GCC 7. Hii ni 6.3.

Ningeweza kuandika upya sehemu hizo kwa C++ ya zamani. Nimewahi kufanya hivyo kwenye kazi nyingine, na miezi sita baadaye nilikuwa na programu mbili zinazofanana zenye makosa tofauti. Sitaki tena. Kompaila ndiyo ije kwa bodi.

Saa nne. Chapati, chai ya rangi, na simu kutoka Muheza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mashine yetu inaendeleaje?" Nikamwambia ukweli kwamba bado, lakini ahadi iko pale pale.

Saa nne na nusu tunahamia kwenye laptopu. Fikra ni rahisi: kompaila inakimbia kwenye mashine yenye nguvu, lakini inaandika maagizo ya prosesa ya bodi. Ubuntu inayo tayari, jina lake arm-linux-gnueabihf, amri moja imeingia. Tunaandika programu ya mistari mitano ya kusema habari, tunaikompaili, tunaituma, tunaiendesha. Bodi inakataa: GLIBC_2.34 haipo. Hilo tulipaswa kulijua, daftari linasema 2.24. Kompaila ya laptopu imeunganisha na maktaba mpya ya kwake. Binti anapendekeza tuiunganishe tuli, maktaba yote iingie ndani ya faili. Wazo la maana. Tunajaribu. Safari hii maneno ni mawili tu: "Illegal instruction".

Hapa nilisimama, nikavuta kiti karibu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huitupa bodi wakisema imekufa. Haijafa. Imepewa agizo ambalo prosesa yake haijawahi kulijua. Tunalichunguza faili kwa readelf -A, amri inayoonyesha programu imekompailiwa kwa prosesa gani, na mstari mmoja unasema yote: Tag_CPU_arch: v7. Daftari linasema v6. Debian na Ubuntu waliamua kwamba armhf, jina la mfumo wao wa ARM wa biti 32, inaanzia ARMv7. Raspbian ilijengwa upya kwa ARMv6 kwa ajili ya bodi hizi hasa, ikabaki na jina lile lile la armhf. Jina moja, vitu viwili. Majina kufanana hivyo kumewapotezea mafundi siku nyingi.

"Basi tuiambie v6," anasema binti. Tunaongeza -march=armv6+fp na -marm. Msimbo wetu wenyewe sasa ni v6, lakini programu ikikimbia inakufa vile vile. Ni kwa nini? Mistari yetu mitano si programu nzima. Kabla ya main, pale msimbo wetu unapoanzia, kuna vipande vya kuanzia, na nyuma yake kuna libgcc, maktaba ya kompaila yenyewe, na maktaba ya C, vyote vimekuja vimeshakompailiwa kwa v7. Unaweza kupika wali wako vizuri, lakini kama nazi imeoza chakula chote kimeharibika.

Saa tano na nusu tunaanza kujenga seti yetu wenyewe ya kompaila na maktaba kwa crosstool-NG, programu ya kujengea kompaila. Menyu yake ni ndefu, lakini daftari linajibu karibu kila swali. Usanifu armv6. Kitengo cha desimali vfp, desimali ngumu, yaani hesabu za desimali zifanywe na prosesa yenyewe. glibc 2.24, si mpya zaidi, maana programu iliyounganishwa na glibc ya zamani hukubalika kwenye mpya, ila kinyume chake hapana. Vichwa vya kerneli 4.9, visiipite kerneli iliyopo kwenye bodi. GCC 8. Vifurushi vya msimbo nilikuwa nimeshavipakua usiku wakati bando ni nafuu. Tukabonyeza kujenga, feni ya laptopu ikapandisha sauti.

Kazi hii hujenga kwa ngazi: binutils kwanza, yaani asembla na kiunganishi, kisha GCC ndogo isiyo na maktaba ya C, GCC hiyo inaijenga glibc, na glibc ikiwepo ndipo GCC kamili inajengwa. Kompaila inahitaji maktaba na maktaba inahitaji kompaila, na ngazi hii ndiyo inayofungua fundo hilo. Nilimchorea kwenye karatasi, akaichora upya mwenyewe bila kuangalia.

Umeme ulikatika saa sita na robo kwa dakika ishirini, betri ikabeba. Adhuhuri, kisha wali na samaki.

Saa saba na nusu imekwisha bila kosa. Mistari mitano ile ile, kompaila mpya, readelf: Tag_CPU_arch: v6. Tunaituma, tunaiendesha. Bodi ikasema habari. Binti alipiga makofi mara moja, akaandika saa kwenye daftari.

Programu yenyewe ilikompailiwa kwa sekunde kumi na moja. Jambo moja nililiongeza: -static-libstdc++ na -static-libgcc, zinazoingiza maktaba ya C++ na ile ya kompaila ndani ya faili, kwa sababu maktaba ya C++ iliyopo kwenye bodi ni ya GCC 6 na kompaila yetu ni ya 8. glibc tuliiacha itumike ile ya bodi.

Saa nane na nusu, vihisi. Vihisi joto vya DS18B20, vyote viwili, vinakaa kwenye waya mmoja wa data, pini iitwayo GPIO 4, na rezista ya kiloomu 4.7 kuelekea volti 3.3. Havigongani kwa kuwa kila kimoja kina anwani yake ya biti 64. Tukanunua barafu ya mfuko kwa jirani, tukaiponda, tukaitia kwenye glasi na maji kidogo, tukatumbukiza vyote viwili. Maji yenye barafu ni nyuzi sifuri popote duniani, huhitaji kipimo cha bei ghali. Ukifungua faili la kihisi unaona mistari miwili: wa kwanza unaishia na YES, kwamba data imefika salama; wa pili unaishia na t=187. Hiyo ni sehemu za elfu, yaani nyuzi 0.187. Cha pili: t=-62. Vyote viko ndani ya nusu nyuzi ambayo mtengenezaji anaiahidi. Programu ikasoma namba zile zile, ikaziandika, ikaipa taarifa ile programu ya SMS isiyo na msimbo, simu yangu ikalia.

Swapu tuliirudisha 100.

Saa tisa na nusu nipo kwenye gari la Muheza, boksi mapajani. Saa kumi na moja kasorobo vihisi vimefungwa, cha pili kimekazwa kwenye bomba na kuzungushiwa sponji ili kisome bomba na si hewa ya chumba. Nikaweka saa upya. Dakika chache baadaye baiskeli ya kwanza ikaingia na madumu, maziwa bado ya uvuguvugu wa ng'ombe. Tangi lilikuwa 3.8. Likapanda 5, likapanda 7, mama akasimama nyuma yangu akitazama namba bila kusema neno, mashine ya kupozea ikinguruma, hadi zikaanza kushuka.

Kabla sijafunga boksi nilinakili vitu viwili kwenye kadi: msimbo chanzo wote, na faili la mipangilio ya crosstool-NG. Ndani ya mfuniko nikabandika karatasi: ARMv6, si v7. Stretch. glibc 2.24. GCC 8. Msimbo uko /home/pi/maziwa. Mama aliisoma yote akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya fundi atakayekuja baada yangu.

Saa tatu kasorobo usiku, nikiwa nimeshafika nyumbani, ujumbe ukaingia: tangi 3.9, bomba 4.1.