Swali la Elisabeth na mkono wa Baba

Wiki hii nimekuwa nikirudia barua moja iliyoandikwa The Hague, Uholanzi, mwezi Mei 1643. Aliyeiandika ni Elisabeth wa Bohemia, binti wa miaka 24, aliyekulia uhamishoni kwa sababu baba yake, Frederick V, alinyang'anywa ufalme wa Bohemia, katika Czech ya leo, baada ya vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620. Aliyeandikiwa ni René Descartes, ambaye vitabu vingi vya historia ya falsafa ya Magharibi humwita baba wa falsafa ya kisasa. Swali la binti huyo ni fupi: ikiwa nafsi ya mtu ni kitu kinachofikiri tu, inawezaje kuusukuma mwili ufanye kile mtu anachotaka?

Miaka miwili kabla ya hapo Descartes alikuwa ametoa kitabu chake cha tafakuri, akidai kwamba ulimwengu ulioumbwa una vitu vya aina mbili. Kuna kile kinachofikiri, ambacho hakina urefu wala upana, na kuna kile kilichotandazwa katika nafasi, ambacho hakifikiri. Elisabeth alikisoma kwa makini, kisha akapeleleza jinsi kitu kinavyosukuma kitu. Kusukuma kunataka kugusana, na kugusana kunataka kuwa na umbo na ukubwa. Nafsi ya Descartes haina umbo wala ukubwa. Basi mkono unanyanyukaje?

Nilijifunza jambo hili chuoni kwa ajili ya mtihani. Tulipanga majina kwa makundi, huku wafuasi wa akili, kule wafuasi wa uzoefu, tukaandika tofauti zao, tukafaulu. Sikulihisi swali lenyewe mpaka Baba alipopata kiharusi mwaka jana na upande wake wa kulia ukapooza.

Baba ni seremala. Mkono uliopooza ndio ulioshika randa na msumeno tangu ujana wake. Siku za kwanza alikuwa hana usemi kabisa. Usemi ulipoanza kurudi, kwa kukatika na kwa kuchelewa, nilimkuta akiutazama ule mkono juu ya shuka. Nilimuuliza kama unauma. Akasema, "Hauumi, mwanangu. Nauambia, hausikii."

Usiku ule nilizitafuta zile barua na kuzisoma upya, safari hii nikiwa na haja nazo.

Descartes alimjibu Elisabeth tarehe 21 Mei. Alimwambia kwamba tuna fikra za msingi ambazo haziwezi kuelezwa kwa fikra nyingine: ya nafsi peke yake, ya mwili peke yake, na ya muungano wao. Akatoa mfano wa uzito: watu hudhani kuwa uzito ni sifa iliyomo ndani ya jiwe na inayolivuta chini, na hakuna anayejiuliza uzito huo unalisukuma jiwe kwa uso upi. Elisabeth hakukubali. Tarehe 20 Juni aliandika kwamba kwake ingekuwa rahisi zaidi kuipa nafsi maada na ukubwa kuliko kukipa kitu kisicho na mwili uwezo wa kuusukuma mwili na kusukumwa nao. Aliyasema haya kwa adabu zote za binti wa kifalme, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Jibu la Descartes la tarehe 28 Juni ndilo wanafalsafa wengi hulidharau. Mimi naliona kuwa la kweli kuliko yote aliyomwandikia mwaka ule. Anasema muungano wa nafsi na mwili haujulikani kwa kutafakari. Unajulikana kwa kuishi, kwa mazungumzo ya kawaida, kwa kuacha kuwaza mambo ya metafizikia. Anakiri kwamba yeye mwenyewe hutumia saa chache sana kwa siku katika fikra zinazojenga picha akilini, na saa chache sana kwa mwaka katika zile za akili tupu. Huyu alikuwa mtu aliyempoteza bintiye Francine, mtoto wa miaka mitano, mwaka 1640. Sidhani alihitaji kufundishwa na yeyote kwamba yanayoipata nafsi huupata mwili.

Nilimsimulia Baba habari za barua hizi tukiwa kwenye mazoezi ya viungo. Aliuliza, "Huyo bwana alimjibu nini?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hajajibu. Lakini hajadanganya."

Waliokuja baada ya Descartes hawakuweza kuliacha swali likae wazi. Nicolas Malebranche, padri wa Ufaransa, alisema katika kazi yake iliyoanza kutoka mwaka 1674 kwamba nafsi haiusogezi mwili kamwe. Mimi nikitaka kunyanyua mkono, Mungu ndiye anayeunyanyua wakati huohuo. Msomaji aliyekulia pwani yetu akisikia neno la Imamu Ghazali hapa hajakosea, kwa maana Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwishaeleza kwamba moto hauiunguzi pamba kwa nguvu zake wenyewe, na kwamba tunachokiona ni pamba kuungua pamoja na kuguswa na moto. Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Ujerumani, naye alitoa mfano wa saa mbili zilizotengenezwa kwa ustadi mno kiasi kwamba zinakwenda sawa daima bila kugusana. Namheshimu sana Leibniz katika hesabu, lakini hapa sioni ananisaidia nini kitandani pa mgonjwa.

Spinoza ananisaidia zaidi. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632, akatengwa na jumuiya yake ya Wayahudi mwaka 1656, akawa anasugua lenzi kwa mikono yake ili apate riziki. Kitabu chake kikuu, cha maadili, kilichapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake. Ndani yake anamshangaa Descartes kwa kuiweka nafsi kwenye tezi ndogo ya ubongo na kudhani kwamba huko ndiko inakoushika mwili. Kwa Spinoza, akili na mwili ni kitu kimoja kinachoeleweka kwa njia mbili, kwa hiyo hakuna wa kumsukuma mwenziwe. Anasema pia kwamba hakuna mtu ambaye hadi sasa amejua mwili unaweza kufanya nini kwa sheria zake wenyewe.

Mwanzoni nilibishana naye kichwani. Kama nia na mkono ni kitu kimoja, nilijiambia, basi mkono wa Baba ulipokufa na nia yake ingekufa. Mbona nia ilibaki nzima? Baadaye niliona Spinoza angenijibu kwamba nia ya Baba nayo ina upande wake wa mwili, ndani ya ubongo, na kwamba kilichokatika ni njia ya kuteremka kutoka huko hadi kwenye misuli. Daktari alitueleza jambo lilelile kwa picha ya kichwa cha Baba mkononi. Sijaridhika kabisa, lakini sina hoja ya kumshinda.

Aliyenishtua ni David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti. Katika kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, kilichotoka mwaka 1748, anatafuta tunapata wapi wazo la nguvu, lile wazo kwamba kitu kimoja kinalazimisha kingine kitokee. Wengi husema tunalipata ndani yetu: nataka, na mkono unakwenda, basi nimeihisi nguvu. Hume anamleta mtu aliyepooza ghafla mguu au mkono. Mtu huyo, anasema, mara nyingi hujaribu mwanzoni kuutumia kama kawaida. Wakati anajaribu, anajihisi ana uwezo wa kuuamuru sawa na mtu mzima wa afya. Ikiwa hisia ni ileile kwa mgonjwa na kwa mzima, basi hata mzima hakuwahi kuihisi nguvu yenyewe. Alizoea tu kuona kwamba akitaka, mkono unafuata. Hume anaongeza kwamba nia haiendi hata moja kwa moja kwenye mkono. Kati yake kuna misuli, neva na mambo mengine ambayo mwenye mkono hayajui kabisa.

Nilifunga kitabu nikakaa. Baba alipiga randa tangu ujana wake bila kujua jina la neva moja ya bega lake. Aliamka asubuhi moja, akataka kuvuta shuka, akasubiri mkono uje. Mtu wa Edinburgh ambaye hakupata kumwona alikuwa ameandika asubuhi ile.

Hata hivyo Hume anamwacha mgonjwa mapema mno. Anasema "mwanzoni", kwa sababu kwa hoja yake siku ya kwanza inatosha. Baba hakuishia mwanzoni. Mtaalamu wa viungo humwambia, "Mzee, utazame mkono, uuambie ufunge," kisha yeye mwenyewe anausaidia kufunga vidole, halafu wanarudia, na kurudia, na kurudia. Ubongo una uwezo wa kujipanga upya, sehemu zilizobaki zikajifunza baadhi ya kazi za zile zilizokufa, na kurudia huko ndiko kunakozifundisha. Hume ana haki kwamba tunajua utiifu wa viungo vyetu kwa uzoefu tu. Lakini nikimwona Baba akitoka jasho kwa ajili ya kidole gumba ambacho hakijatikisika, nashindwa kuamini kwamba ndani ya juhudi ile hamna ila mazoea. Mazoea yake yote kwa wakati huo yalimwambia kwamba mkono hautakuja.

Kuna mtu mwingine katika habari hii ambaye sikufundishwa, na inaniuma kwamba sikufundishwa. Anton Wilhelm Amo alizaliwa Axim, katika Ghana ya leo, mwanzoni mwa karne ya 18. Alipelekwa Ulaya akiwa mtoto, akakabidhiwa kwa mtawala wa Brunswick-Wolfenbüttel, katika Ujerumani ya leo. Mwaka 1727 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle, na mwaka 1734 akatetea huko Wittenberg tasnifu yake ya Kilatini kuhusu akili ya binadamu kutohisi. Dai lake ni kwamba kuhisi si kazi ya akili hata kidogo, ni kazi ya mwili ulio hai. Akili hutenda, haitendwi. Humo anamnukuu Descartes anaposema kwamba nafsi iliyoungana na mwili inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao, kisha anampinga waziwazi. Maneno hayo yametoka katika barua ya tarehe 21 Mei 1643, ile aliyoandikiwa Elisabeth.

Amo alilisoma jibu tu, swali hakulipata. Elisabeth alikataa barua zake zisichapishwe Descartes alipofariki mwaka 1650, na hazikuchapishwa hadi mwaka 1879. Zile za Descartes zilikwishaenea. Kwa hiyo Mwafrika huyu, akiwa na mistari ya upande mmoja tu wa mazungumzo, aliugundua udhaifu uleule alioushika binti wa Bohemia, akautafutia njia yake. Nikisoma orodha za masomo ya falsafa, zikiwemo za vyuo vyetu, Elisabeth hutajwa kwa nadra na Amo kwa nadra zaidi. Ningependa mwalimu mmoja awaweke wawili hawa mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Descartes akae katikati yao.

Barua ninazozisoma sasa ni za mwaka 1645. Elisabeth alikuwa mgonjwa, ana homa isiyoisha na kikohozi kikavu, na Descartes alimwandikia kwamba sababu ya kawaida ya homa ya namna ile ni huzuni. Akapendekeza wasome pamoja kitabu kuhusu maisha ya furaha cha Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale na mmoja wa Wastoa. Mafundisho ya Wastoa yalimvutia Descartes: furaha iwekwe katika yale tunayoyamudu, na akili, ikitumiwa vyema, itamtosha mtu hata mambo ya nje yakiharibika. Elisabeth alijibu mwezi Agosti kwamba kuna magonjwa yanayoondoa kabisa uwezo wa kutumia akili, na pamoja nao ile ridhaa inayoletwa na akili.

Nimesimama hapo muda mrefu. Vitabu vingi vya Wastoa vinavyouzwa siku hizi humwambia mgonjwa awe na msimamo, kana kwamba msimamo unakaa mahali ambapo ugonjwa haufiki. Baba katika majuma ya kwanza hakuweza kulitaja jina langu, na kuna siku hakujua kama ni asubuhi au jioni. Ningemsomea nini cha Seneca?

Descartes hakubishana. Tarehe 1 Septemba alimwandikia kwamba yale aliyoyasema kwa jumla kuhusu watu wote yachukuliwe kuwa ni ya wale tu walio na matumizi huru ya akili zao, na wanaoijua njia ya kufuata. Elisabeth aliendelea kumuuliza, safari hii kuhusu huzuni, hasira, majuto na namna mwili unavyoyabeba, na alimtaka ayaeleze moja moja. Mwaka 1646 alipewa rasimu ya maelezo hayo ili aikosoe. Ilichapishwa mwaka 1649, kitabu kuhusu hisia za nafsi, ambacho kinazungumza juu ya damu, moyo, machozi na kutetemeka kuliko kitabu chochote cha falsafa alichokuwa ameandika kabla. Nimeanza kukisoma, na Baba ameniomba nimsomee sehemu ya machozi.