Bodi yenye sukari

Kuna mgeni mmoja alitutembelea ofisini Mabatini, hapa Mwanza, akavuta droo akitafuta kalamu, akakuta soda na pakiti ya glukosi. Akatutazama mmoja mmoja. "Nyie si ndio mnaofundisha watu kuishi na sukari?" Ndio sisi. Na soda hizo ni za wajumbe wa bodi.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Buzuruga. Nina sukari, ile aina ya pili, na ndimi katibu wa bodi ya taasisi ndogo inayofundisha watu wenye sukari, presha, pumu na maumivu ya viungo kujisimamia wenyewe. Watu huuliza tunatibu nini. Hatutibu kitu. Dawa utapewa hospitali ya Bugando, ya Sekou Toure au kwenye zahanati ya mtaani kwako. Sisi tunashughulika na siku zote unazokaa kati ya kliniki moja na nyingine, ukiwa peke yako na sufuria lako, miguu yako na hofu zako.

Mafunzo haya kwa umbo lake hatukuyabuni sisi. Yalianzia Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, ambako Kate Lorig na wenzake walianza na wagonjwa wa baridi yabisi, kisha katika miaka ya 1990 wakayapanua yafae magonjwa sugu kwa jumla. Uingereza nao wakayaingiza kwenye huduma yao ya taifa ya afya kuanzia mwaka 2002. Watu wanakutana mara moja kwa wiki, saa mbili na nusu, kwa wiki sita. Wawezeshaji ni wawili, na si lazima wawe wauguzi wala madaktari. Kinachotakiwa ni angalau mmoja wao awe anaishi na ugonjwa wa kudumu.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichotugawa wakati tunaandika katiba. Kama mgonjwa anaaminika kufundisha, kwa nini asiaminike kuongoza? Wengine walitaka mwenyekiti awe daktari, maana jina la daktari kwenye barua linafungua milango. Kweli linafungua, sibishi. Lakini wengi wetu tumeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo: mgonjwa anaitwa mwanzoni atoe ushuhuda, anapigiwa makofi, anapewa maji ya chupa, halafu bajeti inajadiliwa akiwa ameshapanda daladala. Tukaandika kwamba zaidi ya nusu ya wajumbe wawe watu wanaoishi na ugonjwa, na mwenyekiti atoke miongoni mwao. Daktari tunaye. Ni mshauri, na tumempa neno zito kwenye jambo moja: somo lolote likigongana na matibabu, akisema lisimame, linasimama bila kupigiwa kura. Hatumwambii mtu apunguze dozi, na hatumwambii aache.

Mwenyekiti wetu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Wote tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wanaomzidi umri. Kabla hajawa kiongozi alikuja kama mwanafunzi, nami nilikuwa mwezeshaji wa darasa lile. Kila mshiriki hupanga jambo moja la wiki: atafanya nini, kiasi gani, lini, siku ngapi. Halafu tunamuuliza, toka sifuri hadi kumi, una uhakika gani kwamba utalifanya? Akitaja chini ya saba tunarudi kulipanga upya. Mayu alisema atatembea nusu saa asubuhi, siku nne. Uhakika? "Tano."

"Kinachokuzuia ni nini?"

"Giza."

Darasa zima likadhani anaogopa vibaka. Akacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, kwa hiyo wiki za giza mzigo unamiminika kutoka visiwani na yeye hana asubuhi. Wiki za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, naye ana muda tele. Basi akapanga mazoezi yake kwa kufuata mwezi: siku mbili wakati wa giza, tano wakati wa mbalamwezi. Uhakika ukapanda mpaka tisa. Hakuna kipeperushi chochote cha kliniki nilichowahi kuona chenye ratiba hiyo, na ninapoulizwa kwa nini muuza dagaa anaongoza taasisi ya afya, huwa naanzia hapo.

Kipeperushi nacho kilituletea kikao kirefu. Tulipewa kimoja kizuri, karatasi ya kung'aa, kina picha za tufaha na mkate wa ngano isiyokobolewa. Mjumbe wetu wa Misungwi akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akauliza, "Michembe iko wapi?" Kimya. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, je? Ugali wa udaga, ule wa muhogo? Huko kwao kiangazi mtu anaweza kushinda na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando akiamini amekwepa wanga kwa sababu hajagusa ugali. Viazi vitamu vikikauka maji yanatoka, wanga unabaki, na kiganja kimoja cha michembe ni kingi kuliko kinavyoonekana. Tukachora upya kwa mkono: sahani, nusu mboga za majani, robo sato au dagaa au maharage, robo ugali au michembe, si vyote viwili. Mchoraji ni kijana anayeandika mabango ya saluni. Sato ametoka mnene kama sangara, lakini watu wanaelewa.

Mweka hazina ni mzee mstaafu wa reli, ana presha, na ndiye mtu anayelalamikiwa kuliko wote. Hasaini hundi ambayo haijajazwa. Nauli ya bodaboda bila karatasi yenye namba ya simu ya dereva hairudishi. Mwaka mmoja mfadhili alitaka fedha zake zinunue fulana za tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, ambayo iliwekwa siku ya kuzaliwa kwake Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Mzee akasimama, akatoa miwani. "Huyo Banting angefufuka leo, angetaka fulana au stripu?" Tukamwandikia mfadhili kwa adabu tukiomba fedha ziende kwenye stripu za kupimia sukari. Alikubali sehemu. Fulana chache zilishonwa, na nakiri nilizishona mimi kwa bei ambayo Mzee aliikata mara mbili.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa wa muuza dawa. Mfanyabiashara mmoja wa dawa za majani, jina nalihifadhi, alikuja na ahadi ya kutulipia pango la mwaka mzima iwapo tungemruhusu azungumze dakika kumi mwishoni mwa kila darasa. Dawa yake, alisema, inamaliza sukari kabisa. Wakati huo tulikuwa tunadaiwa pango, na wajumbe wawili walitaka tukubali. Mmoja alisema, anayetaka kununua atanunua tu hata tukikataa. Mayu hakupiga meza. Aliuliza swali moja: nani kati yetu ameshawahi kuacha dawa za hospitali kwa ahadi ya namna hiyo? Mikono ikainuka, mingi kuliko nilivyotarajia, ukiwemo wa mmoja wa wale wawili, ambaye kidonda cha mguu kilimlaza wodini wiki kadhaa. Kura haikuhitajika. Pango tulililipa kwa kuchelewa, na mwenye nyumba hajatusamehe mpaka leo.

Mkurugenzi mtendaji yeye ni muuguzi kijana, tulimpata kwa tangazo, haumwi kitu na namwombea iendelee hivyo. Yeye ndiye anayeendesha kazi za kila siku na kuandaa taarifa ya mwaka kwa Msajili wa NGOs, maana Sheria ya mwaka 2002 inaidai kila mwaka. Ugomvi wake na bodi ni mmoja tu, na yeye ndiye mwenye haki: Mayu anapenda kuchagua wawezeshaji mwenyewe. Bodi kazi yake ni kuonyesha njia na kuuliza maswali magumu, si kupanga nani afundishe Igoma Jumanne. Tumeliandika, tumelisaini, na Mayu bado anapiga simu.

Sasa zile soda. Kikao kimoja tuko katikati ya bajeti, mjumbe wetu anayechoma insulini akaanza kumjibu mweka hazina maneno yasiyoeleweka. Jasho kwenye paji la uso, kalamu inatetemeka. Mayu akasema, "Funga kabrasha." Mashine ikasoma 3.1, sukari imeshuka mno. Akanyweshwa nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, tukakaa dakika kumi na tano, tukapima tena: 4.6. Akapewa chapati, tukaendelea na mstari wa nauli pale pale tulipoishia. Hakuna aliyepiga kelele, na hakuna aliyemwonea huruma ya kumwambia apumzike kwenye uongozi. Tangu hapo vikao vinaanza saa nne na vinafungwa kabla ya saa saba, kwa sababu aliyechoma insulini asubuhi lazima ale kwa wakati wake, ajenda ziishe zisiishe.

Muhula wa Mayu unaisha mwakani. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mwezeshaji wetu wa Sengerema hasubiri tena kivuko na anafika vikaoni mapema kuliko mimi wa Buzuruga, kwa hiyo safari hii tunataka angalau mjumbe mmoja mpya kutoka ng'ambo ile. Sifa: uwe unaishi na ugonjwa wa kudumu, uwe umemaliza wiki zako sita, na uwe na ubavu wa kubishana na mzee wa reli kuhusu risiti. Fomu ninazo mimi, pale pale kibandani, kwenye droo ya vifungo.