Nuru ya nyota iliyolipuka, na gesi iliyokutana nayo njiani

Wiki hii nimezama kwenye habari za supanova SN 1987A na bado nimeduwaa. Nyota hiyo ilionekana ikilipuka Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa takriban miaka 168,000 ya nuru. Watu wa kusini mwa dunia waliiona kwa macho matupu.

Wengi husimulia mlipuko wenyewe. Mimi kilichonishika ni safari ya nuru yake. Njiani ilikatiza mawingu ya gesi nyembamba sana ambayo kwa macho hatuyaoni kabisa. Atomi za sodiamu zilinyonya rangi fulani ya manjano, za kalsiamu zikanyonya ya zambarau. Wanaastronomia walipoitawanya nuru ile katika rangi zake, wakakuta mistari myembamba ya giza pale rangi hizo zilipokosekana, mingi, imesogeleana.

Na kila mstari umehama kidogo kutoka mahali pake pa kawaida kati ya rangi, kulingana na kasi ya wingu lake! Gesi iliyo karibu nasi haijahama sana. Ile ya kule kwenye Wingu la Magellan inakwenda mbali nasi kwa kama kilomita 280 kwa sekunde. Na katikati yapo mawingu yenye kasi nyingine. Yote hayo yamesomwa kwenye mwali mmoja, tena kwa haraka, maana supanova hufifia.

Walio Tanzania, Januari usiku, mbali na taa za mji, tazameni kusini: galaksi hiyo huonekana kama doa hafifu.