Siku tatu za ubavu na swali lisilo lake

Nilipanda kiti kubadilisha taa ya sebuleni, kiti kikayumba, nikashuka nacho. Ubavu wa kushoto ulitua kwenye pembe ya meza. Pumzi ilikatika kabisa, nikabaki sakafuni nahema vipande vipande, mkono umeshika pale pale, vidole vinne chini ya chuchu kuelekea mgongoni. Baada ya dakika kama tano niliweza kukaa. Nikajiambia nimepona.

Jioni ile kila aliyesikia aliniuliza jambo moja: umevunjika? Shemeji yangu alijibu kwa niaba yangu: "Shemeji, ubavu ukivunjika hata kuongea huwezi. Wewe unaongea, basi umechubuka tu." Si kweli. Watu wengi wenye ubavu uliopasuka huongea, hutembea na huenda kazini. Mwingine akaniambia hata nikienda hospitali nitapewa vidonge tu, maana mbavu hazifungwi plasta. Hilo ndilo lililonichelewesha zaidi, kwa sababu ni kweli. Ubavu hauwekwi plasta, na tiba ya uliochubuka na ya uliopasuka hukaribiana sana. Nikaona niende kufanya nini?

Halafu ikaja bandeji. Nilishauriwa nijifunge kifua nikaze, mfupa utulie uunge. Mke wangu alinizungushia bandeji pana raundi nne, mimi nimetoa pumzi yote nje ili ikaze vizuri. Na ilifanya kazi! Maumivu yalipungua karibu nusu. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikashinda nayo. Sikukohoa siku nzima, nikafurahia hilo kama dalili ya kupona. Siku ya tatu asubuhi nilipoifungua na kujaribu kuvuta pumzi ndefu, nilisikia kitu kinakoroma chini kifuani, nikakohoa kohozi zito. Kukohoa kwenyewe kulinitoa machozi. Baadaye daktari alinieleza kwamba zamani hata hospitalini walifunga, kisha wakaacha. Kifua kikibanwa unavuta pumzi ya juu juu, sehemu ya chini ya pafu haifunguki, makohozi yanalala humo, na hapo ndipo homa ya mapafu inapoanzia. Kwa hiyo ile siku niliyojiona mzima kwa kutokohoa ndiyo niliyokuwa najiumiza.

Usiku wa siku ya tatu bega la kushoto likaanza kuuma. Nikamwambia mke wangu nimelala vibaya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bega hukuliangukia. Linauma nini?" Akachukua saa, akanihesabia pumzi nikiwa nimekaa kimya: 24 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Hatukujadiliana tena. Tukavaa, tukaenda.

Daktari hakuanza na swali la kuvunjika. Aliuliza kama nimekohoa damu, kama nina homa, kama kizunguzungu kinanishika nikisimama, kama tumbo linauma. Akanibana kifaa kidoleni kupima oksijeni, akasikiliza mgongo pande zote mbili, akabonyeza tumbo taratibu huku ananitazama usoni. Alipofika kwenye bega aliacha kuandika. Mbavu za chini upande wa kushoto, alisema, zimeifunika bandama, na za kulia zimelifunika ini. Bandama ikipasuka, damu huchokoza ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na maumivu yake mtu huyasikia begani. Ndiyo maana bega la kushoto lisilopigwa, baada ya kipigo cha ubavu wa kushoto, si la kulala nalo.

Nilifanyiwa ultrasaundi ya tumbo, hakukuwa na damu. Eksirei ikaonyesha pafu halijasinyaa wala hakuna hewa iliyovuja. Na mfupa? Picha haikuonyesha ufa wowote, lakini daktari alisema ufa wa ubavu hukwepa eksirei mara nyingi, na kwangu usingebadilisha tiba. Bega likaonekana ni msuli tu, nilikuwa naliegemea siku tatu kuupumzisha ubavu. Wapo walioniambia nilikwenda bure. Hapana. Nilikwenda kujua hali ya vilivyo chini ya ubavu, na hilo nyumbani nisingelijua hata ningejibonyeza mwezi mzima. Pesa iliyotoka wala siihesabu.

Nilipewa parasetamoli nimeze kwa saa zake, nisisubiri maumivu yapande kwanza. Aibuprofeni alininyima kwa sababu nina vidonda vya tumbo. Kisha zoezi: kila saa nikiwa macho, pumzi 10 ndefu za polepole, halafu nikohoe makusudi. Hapo ndipo mto mdogo wa kochi ulipoingia maishani mwangu. Uwe mgumu kidogo, wa laini hausaidii. Unaukumbatia juu ya ubavu, unaukandamiza kwa mikono yote miwili, ndipo unakohoa. Maumivu yanabaki, ila hayakukati tena katikati ya kohozi. Niliubeba kila chumba kwa wiki tatu, hata kucheka nilichekea juu yake.

Kulala nililala nimeegemea mito, nusu nimekaa. Kuamka usijinyanyue kwa tumbo kama ulivyozoea: geukia upande mzima, teremsha miguu kitandani, kisha jisukume kwa mkono. Hili nililigundua mwenyewe siku ya tano na natamani ningelijua siku ya kwanza.

Kama umegongwa na gari, umeanguka kutoka juu sana, una zaidi ya miaka 65, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usikae siku tatu kama mimi. Nenda siku hiyo hiyo. Na ukipungukiwa pumzi au ukikohoa damu, usisubiri hata kupambazuke.

Wiki ya sita nilipiga chafya jikoni, mikono yote miwili imejaa vyombo, mto uko sebuleni. Nikasimama nikisubiri ule mchomo. Haukuja.