Mbona umetuwekea jua? Siku tano za kamera Lushoto na Mtae

Basi la saa 12 asubuhi huwa silipendi kwa sababu usiku wake silali, naamka kila saa kuangalia simu kama alamu imenipita. Ila likizo ilikuwa siku tano tu, mwezi wa saba, na mimi nilishajiapia mwaka huu lazima nifike Usambara na kamera, siyo kwenda kwenye msiba halafu nachungulia milima dirishani kama mara zote. Kazi yangu ni mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, misumari na mabati kutwa nzima, so kamera ndo kitu pekee kinachonitoa mle. Ni ya mtumba, mwili wake umechubuka pembeni na lenzi ni ile ndogo inayokuja nayo, ya milimita 18-55, watu wa kamera wanaidharau lakini mimi na yeye tumeelewana.

Mbezi mpaka Chalinze sina la kusema, nililala. Segera nikaamka kwa kelele za wauza machungwa, Korogwe tukachimba dawa, na kuanzia hapo nikawa nimeganda dirishani maana mkonge ukishaanza kujipanga mistari na ile milima ya bluu nyuma yake, hutamani hata kupepesa. Nilipiga picha kama 40 kupitia kioo cha basi. Zote takataka, kioo kina vumbi na basi linatikisika, nilijua kabisa ni takataka wakati nazipiga lakini kidole hakisikii.

Mombo joto la kufa mtu. Hapo unaiacha lami ya Moshi unakata kulia kuanza kupanda, kilomita kama 33 za kona mpaka Lushoto, na kila kona unasikia hewa inabadilika, mara unafunga dirisha, mara unatafuta sweta. Malori ya kabichi na karoti yanashuka kwenda Dar na sisi tunapanda, mnapishana mahali ambapo kwa macho yangu hapapishaniki. Soni yale maporomoko ya maji yanaonekana pale pale barabarani. Nilimwomba konda dakika mbili nishuke, akaniangalia akacheka, akasema kaka wewe panda bodaboda kesho uje ukae nayo siku nzima. Alikuwa sahihi bana.

Jioni hiyo hiyo nikaenda Irente. Kutoka mjini siyo mbali, nilitembea kwa mguu kupitia mashamba, na ukifika kwenye lile jabali ardhi inakatika ghafla, chini karibu mita elfu moja ndo kuna Mazinde na mashamba ya mkonge na barabara kuu uliyotoka kuipita mchana, magari kama punje. Reli nayo inaonekana ukijua pa kuangalia, ile ya Wajerumani kutoka Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905. Mbele yake nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka.

Sasa watu wengi wanakuja pale, wanapiga selfi mbili tatu, jua likigusa upeo wanaondoka. Mimi nasema hapo ndo kwanza mnaanza. Kwetu huku karibu na ikweta jua halina muda wa kuaga, linashuka wima, saa 12 na nusu limezama na una kama dakika 20 hivi kabla giza halijafunga, lakini dakika hizo rangi inabadilika mara kumi. Tatizo upepo. Tripodi yangu, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ni ya bei poa, inatetemeka kama kifaranga kwenye mvua, ikabidi ning'inize begi langu katikati yake lipate uzito, na humo ndani kulikuwa na jibini na mkate mweusi niliyonunua shamba la Irente njiani, so naweza kusema jibini lilishiriki kwenye zile picha. Nilibana tundu la lenzi mpaka f/16, yaani dogo kabisa, ili kila kitu kitoke kikali, nikapiga kila fremu mara tatu, moja ya giza, moja ya kati, moja yenye mwanga mwingi, maana hakuna kamera inayoweza kuona mbingu inayowaka na bonde lenye giza kwa wakati mmoja kama jicho linavyoona.

Usiku gesti nikafungua kikompyuta changu kizee na Darktable, programu ya kuediti picha, ni ya bure na ndo nimejifunzia yote ninayojua. Watu wananiulizaga kwa nini napiga RAW, yaani faili ghafi, badala ya JPEG ile picha ya kawaida ya simu, na mafaili yenyewe mazito hivyo. Jibu langu, JPEG ni ugali ulishasongwa, RAW bado unga upo kwenye sinia. Kwa hesabu zake, JPEG kila rangi ina ngazi 256 tu za mwanga, faili la RAW la kamera yangu lina ngazi 16,384, kwa hiyo ukivuta vivuli juu kunakuwa na kitu cha kuvuta. Nikavuta. Bonde lililokuwa jeusi tii likaanza kutoka taratibu, kwanza mistari ya mkonge, halafu moshi wa jiko la mtu, halafu barabara. Jamani ile hisia sijui niielezeje. Upo peke yako chumbani, blanketi mabegani, na mahali ulipokuwa saa tatu zilizopita panakurudia kwenye kioo kidogo kidogo.

Halafu nikakuza angani nikakuta madoa. Vumbi kwenye sensa, kile kioo ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na ukibana tundu la lenzi sana ndo linajionyesha lote. Nilihesabu 23. Nikakaa nayafuta moja moja kama mtu anachambua mchele, na wala sikuchukia, kuna utulivu fulani kwenye kazi ya kijinga namna ile.

Kesho yake Soni, nilikaa nayo siku nzima kama konda alivyosema. Napita haraka hapo kwa sababu picha za maji yaliyolainishwa kama pamba kila mtu anazo, na mimi sasa ninazo.

Mtae ndo penyewe. Kutoka Lushoto ni kilomita 60 na kitu lakini usihesabu kilomita, hesabu kona, basi linachukua masaa na njiani unapita kwenye msitu wa baridi, vijiji, matuta ya viazi yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo mbuzi anaifikiria mara mbili. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, sehemu nyingine ukisimama barabarani kushoto ni bonde na kulia ni bonde. Mbele chini kuna tambarare za Mkomazi, na siku anga likiwa safi wenyeji wanasema Kilimanjaro inaonekana.

Mimi Kilimanjaro sikuiona. Niliona ukungu. Asubuhi ya kwanza nimetoka saa 11 na nusu na kofia na soksi mbili mbili, nimefunga tripodi, nimesubiri, na kilichokuja ni weupe mtupu, sioni hata miguu yangu vizuri. Nilikaribia kurudi kulala. Ila nikaanza kupiga tu, mti mmoja, ukingo wa barabara, mtoto na dumu la maji anapotea taratibu. Kitu kimoja kuhusu ukungu, kamera inadanganyika nao, inaona weupe inadhani mwanga umezidi, basi inaupunguza na picha inatoka ya kijivu kama maji ya kufulia. Lazima uiongezee mwanga kwa mkono, mimi niliongeza ngazi moja nzima ndo ukungu ukakubali kuwa mweupe.

Kama saa moja na robo ukungu ukapasuka. Siyo kuondoka, ulipasuka tu, kama mtu amefunua pazia kuchungulia wageni. Mgongo wa mlima ukatokea na nyumba zake na miti yake, chini pande zote mawingu yamejaa kama maziwa kwenye karai. Dakika nne labda. Mikono imekufa ganzi, nimesahau kubadilisha spidi ya shata, nimepiga 31 na tatu ndo zilikuwa kali.

Nikarudi gesti mbio, na kosa la kishamba, nikaingia na kamera jikoni moja kwa moja ambako kuna moto wa kuni, lenzi ikajaa mvuke papo hapo. Mama mwenye gesti akaniambia iweke kwenye begi mwanangu, usiifute, itajikausha yenyewe. Sijui alijuaje, labda miwani. Akanipa chai ya maziwa.

Usiku nikaediti ile moja nzuri. Rangi zake zilikuwa za baridi, bluu bluu hivi, na mimi nikaona haina mvuto, nikaipandisha joto la rangi (linapimwa kwa kelvini, namba ikipanda picha inakuwa ya njano zaidi) kutoka 5,200 mpaka 7,200, ukungu ukawa wa dhahabu, nikaongeza na rangi ya chungwa kidogo pembeni. Nikajipongeza. Asubuhi nikamwonyesha mama kwenye kompyuta, natarajia sifa.

Akaangalia muda mrefu, akasogea karibu. Akasema, "Ni kwetu hapa, ile nyumba ya yule mwalimu naiona. Lakini mbona umetuwekea jua?"

Nikajaribu kujitetea, mama hii ni kuinogesha tu.

"Saa hizo huku hakuna jua, mwanangu. Watoto wanaenda shule wanatetemeka. Hii ni jioni, tena jioni ya Mombo."

Wa Mtae ukimwambia panafanana na Mombo amekutukana, kwa hiyo nilielewa uzito wake. Nikakaa pale pale kwenye benchi la jikoni nikarudisha slaida chini taratibu yeye akiangalia, 6,500 akatikisa kichwa, 5,800 bado, tukashuka mpaka 4,900, chini hata ya pale kamera yenyewe ilipokuwa imeweka, na hapo akashika khanga yake akajifunika mabega vizuri. Hakusema kitu. Mimi nikabonyeza kuhifadhi.

Tangu nirudi Dar nimeziediti upya hata zile za Irente, nimekuta nyingi nilizitia chumvi. Nyingine nimeziacha na chumvi yake, siwezi kudanganya, ile mbingu ya Irente hata bila kuiongezea kitu inaonekana ya uongo.

Ile ya Mtae nimeiprinti A3. Ya kwanza ilitoka giza kuliko kwenye kioo, karatasi haina taa nyuma yake, ikabidi niongeze mwanga nirudi tena kwa jamaa wa kuprinti. Ya pili imekaa sawa. Nimeikunja kwenye bomba la plastiki la maji, kipande kutoka dukani kwetu, nikaziba na mifuniko pande zote mbili, leo asubuhi nimempa konda wa basi la Lushoto na namba ya simu ya mama nimeiandika kwa maka peni. Ananiuliza ndani kuna nini, nikamwambia baridi.