Kumbukumbu ya mradi wangu: ubao wa Tal, wiki ya saba

Wapenzi wa esheki (sataranji), salamu toka Bukavu. Kwa wale wanaingia leo: natengeneza ubao na kete 32 za mbao, kwa mkono, hapa Kadutu, ili tarehe 28 mwezi wa sita, siku aliyofariki Mikhail Tal, bingwa wa zamani wa dunia, mwaka 1992, tukae na vijana wetu tumalizie michezo 21 ya pambano lake la ubingwa na Botvinnik. Tunaicheza upya hatua kwa hatua, kila Jumapili mmoja au miwili, na ule wa 21 tunauwekea siku yenyewe. Simu kila mtu anayo, na mle michezo ya Tal imejaa, lakini mimi nataka vijana waishike kwa mikono.

Ubao umekwisha wiki hii, nashukuru Mungu. Nyumba 64, kila moja sentimita 5, nyeusi nimekata kwenye mbao ya libuyu na nyeupe kwenye mbao ya sipre. Mara ya kwanza sipre niliuziwa mbichi na muuzaji ananiapia ni kavu, nikabandika, mvua zikaanza, baada ya siku nne mistari yote ikapinda, nikabandua nikaanza tena na kipande cha mlango wa zamani wa mama mdogo, hicho ndio kilitulia maana kimekauka miaka na miaka.

Sasa kete. Pioni 16 (askari wadogo) zimetoka haraka, ngome tatu, fu (askofu) mbili, na Alhamisi iliyopita nikaanza makavaliye (farasi). Kavaliye ndio kete inatesa fundi. Nachonga na kisu nilichonoa toka kwenye kipande cha msumeno wa chuma, shingo inatoka vizuri, pua inatoka, ukifika kwenye masikio nyuzi za libuyu zinakimbia upande wao. Kavaliye mweusi wa kwanza sikio la kushoto lilivunjika likaruka mpaka kwenye sufuria ya maharage. Nilitaka kuitupa, nikakaa nayo muda mrefu mkononi, halafu nikasema hapana, nikaisugua na msasa mahali pale palipovunjika mpaka pakawa laini. Hii njo itakuwa ile ya f4, yaani nyumba ya safu ya f, mstari wa 4.

Wanaomjua Tal wameshaelewa. Wengine niwaeleze maana hapa njo moyo wa mradi wote.

Mwaka 1960, Moscow. Botvinnik ni bingwa wa dunia, mtu wa hesabu na nidhamu, injinia wa umeme. Mbele yake kijana wa Riga wa miaka 23, mkono wa kulia vidole vitatu tangu kuzaliwa, figo mbovu, sigara haimtoki mdomoni. Mchezo wa 6 Tal anacheza nyeusi, na hatua ya 21 anachukua kavaliye iliyokaa salama h5 anaiweka f4, yaani ikuliwe bure. Watu mle ukumbini wakaanza makelele mpaka wachezaji ikabidi wahamishiwe chumba cha nyuma. Botvinnik akaila kavaliye na pioni ya g. Tal akarudisha na pioni yake ya e, na ile fu ya g7 iliyokuwa imezibwa muda wote ikafunguka, ubao mzima ukawaka. Tal akashinda. Pambano likaisha tarehe 7 mwezi wa tano, 12.5 kwa 8.5, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia, na hiyo rekodi ilikaa mpaka Kasparov alipoivunja 1985. Muzee aliyenifundisha esheki anapenda kukumbusha kwamba wiki saba na siku kadhaa baadaye Kongo ikapata uhuru, kwa hiyo kwake mwaka 1960 uko na sherehe mbili, na anazitaja zote kwa sauti ileile.

Sasa neno. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwetu, peti yangu (mdogo wangu), mwenye akili sana, aliingiza mchezo huo kwenye programu ya simu akatuonyesha: ile kavaliye f4 si sahihi, Botvinnik angeweza kushinda. Akauliza sasa kwa nini tunamsherehekea mtu kwa hatua ya makosa. Swali zuri, na sikulala vizuri, kwa sababu hesabu yake iko kweli. Pale hatua ya 25, pioni nyeusi imefika f3 inatisha dame (malkia) na fu ya nyeupe kwa pamoja, dame nyeusi yenyewe iko b2 inaliwa na ngome. Botvinnik akaila ile dame. Alitakiwa kwanza kula pioni ya f3 na fu. Wachambuzi walishaiona hiyo zamani, hata kabla ya kompyuta.

Muzee akamwambia, "Mutoto yangu, weka simu chini kwanza. Mashini haikukaa pale na saa inakimbia mbele yake."

Basi tukafanya jaribio, na hii njo habari kubwa ya wiki. Jumapili baada ya misa nikapanga hiyo pozisheni kwenye ubao mpya, kete zilizopungua tukaweka za plastiki, saa dakika kumi, kila mtu anacheza nyeupe peke yake, Muzee anashika nyeusi, wengine wanangoja nje. Watu saba. Watano walikula dame haraka sana, mmoja hakumaliza hata dakika. Wa sita alifikiri dakika sita akaila vilevile. Wa saba ni binti wa miaka 12, mdogo kuliko wote. Alikaa na mashavu mikononi, akapeleka mkono kwenye ngome, akaurudisha, halafu akagusa fu ya g2. Akaogopa akataka kuiacha. Muzee: "Ukigusa, unacheza." Basi akala pioni f3, hatua yenyewe! Mimi nilikuwa nimeshikilia meza. Muzee akala ngome ya b1 na fu, binti akala fu na ngome yake nyingine, dame nyeusi ikaenda c2, na sasa ndio ile fu ya f3 inatakiwa iende e4, hatua moja tu ngumu vile. Hakuiona. Akasogeza ngome, akawaza tena, akawaza, saa ikaisha.

Peti yangu hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaomba tuipange tena, yeye akae upande wa Tal.

Hiyo njo ninachotaka kionekane tarehe 28. Tal hakuwa anadanganya watu. Alikuwa anakupeleka fasi ambako njia ya kutoka ipo lakini ni moja, wewe una dakika chache, na yeye anafurahi kuwa mle pamoja na wewe. Mchezaji Benko mwaka 1959 alimwendea na miwani meusi ili macho ya Tal yasimfikie. Na figo zilimtesa maisha yote, 1962 kule Curaçao alitolewa kwenye mashindano akapelekwa hospitali, lakini kati ya 1973 na 1974 akacheza michezo 95 bila kushindwa hata mmoja, na 1988 akawa bingwa wa dunia wa blitz (michezo ya dakika chache tu) akiwa na miaka 51. Mwezi mmoja kabla ya kufa alitoka kitandani hospitali akaenda kucheza blitz Moscow akamfunga Kasparov. Nikifika hapo nikisimulia sauti inanikauka.

Na kisa cha kiboko siwezi kukiacha. Tal alisimulia mwenyewe kwamba akicheza na mchezaji Vasiukov, hesabu zilimzidi kichwani, ghafla akakumbuka mstari wa shairi la watoto kuhusu kazi ya kumtoa kiboko kwenye matope, basi akakaa anawaza jeki, helikopta, ngazi ya kamba, mwisho akasema azame tu, akatoa kavaliye kafara akashinda. Kesho yake gazeti likaandika alipiga hesabu kamili dakika 40. Muzee amekulia uwanda wa Ruzizi, viboko amewaona tangu mtoto, anacheka mpaka anafuta macho, halafu anauliza kwa makini kabisa: matope yalikuwa na kina gani?

Hali ya kete: 22 tayari, zimebaki 10, humo kuna dame zote mbili na wafalme. Jumapili jioni umeme ulikatika tukiwa bado kwenye mchezo wa 6, tukawasha tochi za simu, Muzee akakunja vidole viwili vya mkono wake wa kulia, akaishika kavaliye yenye sikio moja kwa vile vitatu vilivyobaki, akaiweka f4 taratibu. Peti yangu alikuwa nyeupe. Akaila.